Mkono Wangu Mdomoni Mwako

Bariadi, jioni ya kuamkia safari yako

Ng'wanawane, mwanangu Milembe,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga Mama Kulwa, na najua Mama Kulwa hatakuachia mpaka ule. Mdogo wako Kabula nimemnyonyesha, amelala. Nimepata nafasi hii na kalamu yako moja niliyoitoa kwenye begi. Usiitafute, nitairudisha. Sikuulizi hali kwa sababu nimekuona ukitoka, kiatu kipya kinakubana na hutaki kusema.

Mambo ya ndoo, godoro, sabuni na nani atakupokea shuleni Nyashimo tumeshayamaliza kwa mdomo, sitayarudia. Hii ni barua ya kukujibu. Jumapili iliyopita ulikuja jikoni ukaniuliza swali, mimi nikakwambia koleza moto. Ukaukoleza. Hukuuliza tena, na kule kutouliza kwako ndiko kulikoninyima raha wiki nzima.

Uliniuliza hivi: "Mayu, ni kweli bibi yumo ndani yangu?"

Najua ulikolitoa. Tulipotoka kanisani, Mama Shija wa kikundi cha maombi alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Minza, huyu mtoto usimpeleke kwa masista hivi hivi. Bado ana bibi yake ndani. Hiyo sauti si ya kwake. Atakwenda kuangusha watoto wa watu bwenini." Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo na kitabu cha nyimbo, unatazama vidole vya miguu yako. Mimi nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka kuondoka, nikasema tutaonana mama. Sikumjibu yeye, na nyumbani sikukujibu wewe. Kesho unapanda basi ukiwa na jibu la Mama Shija, maana hakuna mwingine aliyekupa lake. Sitaki uende nalo.

Langu ni hapana. Bibi hayumo ndani yako. Lakini hapana tupu haitakutosha, kwa sababu utajiuliza, basi mbona siwezi kupaza sauti? Mbona mwalimu alikuwa ananirudisha mbele ya darasa niseme tena, mpaka wenzangu wanacheka? Mbona nikiitwa kutoka mbali natembea kwanza mpaka nifike ndipo niitikie? Sababu yake ninayo. Nimekaa nayo miaka yote hii nikiwaacha watu wengine wakutafutie za kwao.

Ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tunakaa Nkololo kwa bibi yako, mama yangu mzazi, kwa sababu baba yako alikwenda machimboni na habari zake zikakatika. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, kwa hiyo na mimi nilikuwa bado mtoto, mtoto mwenye mtoto, na bibi yako alitulea wote wawili. Alikuwa na shamba la bondeni aliloachiwa na babu, upande mmoja mpunga na upande mwingine pamba. Zamani pamba tulipeleka ushirika, unapewa karatasi unasubiri mpaka unasahau, na hakuna aliyelitamani shamba la mjane. Halafu wakaanza kuja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, wanalipa hapo hapo shambani. Watu wakaanza kusimama pembeni ya lile shamba kulitazama. Wakimaliza kulitazama shamba, wanamtazama bibi yako machoni.

Macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu kuni ni shida, tunapikia samadi kavu, na yeye alikuwa ameinamia ule moshi tangu msichana. Macho ya wanawake wengi yalikuwa hivyo. Hata yangu siku hizi yameanza, na asubuhi nikijiona kwenye kile kioo chako nageuka haraka.

Ndama wa baba yangu mdogo wakafa, mmoja baada ya mwingine. Maneno ya uchawi yakaanza. Yeye hakuna aliyemwambia kitu. Niliambiwa mimi, kisimani, kwa mzaha.

"Minza, jana fisi wa mama yako alipita kwetu. Mwambie amfunge."

Nami nikajibu, "Alikuja kudai maziwa. Mlimpa?"

Tukacheka wote. Nilikuwa hodari wa kujibu mizaha, nilipendwa kisimani kwa ajili hiyo. Sikurudi nyumbani nikamwambia mama, wanasema hivi na hivi, tuondoke, twende hata Bariadi tukalale kwa watu. Niliona nikicheka nao litaisha. Ninaikumbuka hata ndoo niliyokuwa nimebeba siku ile. Ukiona watu wanakutania jambo moja kila siku, mwanangu, usicheke ili wakupende. Nyamaza tu uwatazame. Mzaha usiochekewa huwa unachoka wenyewe, na kama hauchoki, utajua mapema ni wa namna gani.

Sasa siku yenyewe. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga bado upo, mbuzi wameshaingia. Ulikuwa na homa, nimekulaza nyumba kubwa na mimi niko kando yako kitandani. Bibi alikuwa jikoni, kile kibanda cha nje, anasonga ugali. Nilisikia mwiko unagonga sufuria. Nikasikia miguu ya watu. Nikasikia sauti ya mwanaume ikisema, "Mwadila, mayu."

Walimsalimia, Milembe. Walimwita mama.

Bibi yako akaitikia vizuri. Akasema karibuni, mmekuja na bahati, ugali huu uko tayari. Na mmoja wao akasema, "Wabeja." Alimshukuru kwa kukaribishwa. Halafu mwiko ukanyamaza. Yaliyofuata niliyasikia yote kupitia ukutani na sitayaandika, kwa sababu nikiyaandika yatakuwa na wewe bwenini, na mimi nimeyabeba ili yasiwe na wewe.

Ukaamka. Ukafungua mdomo umwite bibi. Nami nikakuziba kwa kiganja changu, huu mkono wa kulia ninaoandikia, nikakushusha uvunguni, nikakulalia. Uliniuma. Sikuondoa mkono. Ulikuwa unapumua kwa pua, haraka haraka kama kifaranga, na mate yako yananitiririka kwenye vidole, na mimi nazidi kukaza.

Desturi ya mwano unaijua. Anayepatwa na jambo anapiga ule ukelele mrefu, anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, wanaume wanatoka na pinde, na asiyetoka sungusungu wanamwita kikaoni. Mtoto wa kwetu anajua mwano kabla hajajua kuchunga. Siku ile nilikuwa nao kooni. Ningeupiga, Nkololo yote ingetoka. Pengine wale watu wangekimbia. Pengine wangeingia nyumba kubwa kutumaliza na sisi. Nimeyahesabu hayo mawili usiku na mchana na hayajawahi kulingana. Ninachojua ni kwamba sikuupiga, na wewe uliyetaka kuupiga nilikuzuia.

Jirani ndiye aliyeupiga, alipowaona wanakatiza mashamba. Watu wakaja wengi. Palikuwa na kazi moja tu iliyobaki.

Kesho yake sungusungu wakakaa pale uwanjani kwetu. Mkubwa wao akaniuliza, "Ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa mwano hukupiga kwa nini?"

Nikasema mtoto alikuwa mgonjwa. Wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni. Ni mtoto wa mama yake." Mpaka leo sijajua alinihurumia au alinitukana.

Wanawake wakasiliba sakafu ya jiko siku ile ile, samadi mbichi na udongo, wakaipitisha mikono vizuri mpaka ikawa laini, haina alama hata moja. Ungeingia ungedhani ni nyumba inayongoja bibi harusi. Waliomlilia walikuwa wachache na walilia kwa sauti ndogo, kwa sababu ukimlilia sana mtu aliyesemwa, kesho unasemwa wewe. Wewe hukulia kabisa. Ulikaa miezi huna neno. Uliporudi kusema, sauti ilirudi hivi ilivyo.

Msimu uliofuata baba mdogo akalilima lile shamba. Sisemi alifanya yeye. Nasema lililimwa, na lori la pamba lilikuja likapakia, na hakuna mtu aliyeuliza neno. Mimi nilikubeba tukaja mjini.

Sikuwatambua wale watu. Ungedhani ni nafuu. Kumbe ukimjua mtu unaogopa mtu mmoja, usipomjua unaogopa wote. Unajua nauzia uji wapakiaji wa pamba pale langoni kiwandani. Wanaume wa watu, wachovu, wamejaa vumbi. Mmoja akija kwa nyuma yangu akasema "Mwadila, mayu," namimina uji nje ya kikombe. Wananicheka, "Mama uji leo umelewa?" Nawaambia ndiyo, nimelewa uji wangu. Huyo ni mteja anataka uji wa shilingi zake na mimi nasikiliza kama mwiko umenyamaza.

Kabula amegeuka. Ngoja.

Nimerudi, amelala tena.

Sasa nikueleze ya shanga, maana yale unayakumbuka na nadhani unayakumbuka vibaya. Ulipokuwa huongei, wazee wa ukoo walikwenda kwa mganga, wakarudi wakasema bibi anamtaka mtoto, mtoto apewe jina lake na avalishwe shanga nyeupe. Ulipiga teke. Nilikushika mikono wakakufunga ile shanga. Baadaye hapa mjini nilipoanza kusali, Mama Shija na wenzake wakaiona, wakasema hii ndiyo inayomfunga ulimi, hilo ni pepo la huyo bibi. Wakakuzunguka wakipiga kelele, toka, toka, wakaikata kwa wembe. Ulipiga teke. Nilikushika mikono tena.

Kwa hiyo watu hawa wasioelewana hata kwa chumvi walikubaliana jambo moja tu, kwamba bibi yako amekuingia, na mimi nikawasaidia wote. Unajua kwa nini? Nimejiuliza sana hili kabla ya kuliandika. Kwa sababu nilitaka awe mahali. Mganga alisema yumo ndani ya Milembe, nami moyoni nikasema, basi hajaenda mbali. Nilikuwa nakutazama umelala namtafuta yeye. Nilikufanya kaburi lake, mwanangu, mtoto wa miaka sita, kwa sababu lile la Nkololo naliogopa.

Hapo ndipo nataka usikilize. Siku hizi watu wanashuhudia kanisani, nilikuwa nimefungwa nikafunguliwa, siku fulani saa fulani. Huenda ni kweli kwao. Mimi sikufunguliwa siku fulani. Yangu ilianzia kwenye kusiliba.

Kigango chetu bado hakikuwa na saruji, na wanawake tulikuwa na zamu ya kusiliba sakafu Jumamosi. Zamu yangu ikifika nilikuwa naumwa. Kila mara. Ile harufu ya samadi mbichi ilikuwa inanifunga kifua. Mama Kulwa, ambaye wakati ule tulikuwa tunajuana kwa salamu tu, akaja mlangoni kwangu.

"Wewe mgonjwa wa Jumamosi, hujambo?"

"Sijambo kidogo."

"Jumatatu unauza uji, Jumamosi unakufa. Ugonjwa gani huo wenye kalenda? Nyanyuka, beba ndoo."

Nilikwenda kwa aibu. Tukapiga magoti, tunaanzia altareni tunarudi nyuma kuelekea mlangoni, kama unavyojua, usikanyage ulikotoka. Nilikuwa nasiliba nimegeuza uso. Yeye anaongea tu, habari za mumewe aliyenunua redio isiyo na betri. Tukafika katikati ya kanisa, akanitazama mikono, akasema, "Mwenzangu, unasiliba kama unaficha kitu."

Nikaacha. Nikasema, "Damu ya mama yangu waliisiliba hivi hivi."

Hakuniuliza nani wala lini. Nadhani alishasikia, mji huu mdogo. Alisema tu, "Uliona?"

"Sikuona. Nilisikia. Walimsalimia kwanza."

Akakaa na matope yake mkononi. Nilimngoja aseme ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu wote walisema hivyo. Hakusema. Alichosema ni, "Sogea kidogo, umebakiza kona." Nikasogea, nikasiliba ile kona, nikawa nalia mpaka udongo wangu hauhitaji maji. Tukamaliza tukatoka nyuma nyuma mpaka nje. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama unavyomnawisha mgonjwa. Jumamosi iliyofuata akanipitia tena, wala haikuwa zamu yangu.

Ndivyo nilivyoanza kusali, kwa magoti na samadi, kabla mdomo haujaweza. Mdomo ulichelewa. Kwenye sala ya Baba Yetu, tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilikuwa nanyamaza. Wenzangu wanapita, nawasubiri mbele, wakifika nadakia tunaendelea. Nilifanya hivyo miaka. Siku nyingine bado nafanya. Nilikuwa naogopa kwamba Mungu atanikamata kama mwanafunzi anayefumbua fumbua midomo wakati wa kuimba. Siku hizi nadhani anajua ninapokatikia, na anapangoja hapo hapo. Wewe pia ukifika mahali katika sala usipopaweza, usijilazimishe wala usitoke kanisani. Nyamaza, waache wapite, uwakute mbele.

Nilikwenda kuungama. Nilimwambia padre, sikupiga mwano, nikamziba na mtoto. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimejiandaa kwa adhabu kubwa, nitembee kwa miguu mahali, nifunge. Akasema, "Dada, ulikuwa na mtoto mkononi." Akanipa sala chache, kama mtu aliyeiba mahindi. Nilitoka nina hasira. Nilimkasirikia Mungu kwa kunisamehe upesi hivyo, kana kwamba mama yangu hakuwa na thamani. Hasira ile nimeishi nayo muda mrefu, na ninakwambia ili siku ukiwa nayo usidhani umeacha imani. Mimi ndani ya hasira ile nilikuwa bado naamka alfajiri nakwenda. Nilikuwa nakwenda kugombana naye, lakini nilikwenda. Na mtu unayegombana naye kila asubuhi, mwishowe unamzoea, unaanza kumwambia na mengine.

Nimepona? Utaniuliza. Sijui niite nini. Zamani nikisikia ile harufu nilikuwa narudi kule uvunguni. Siku hizi nasikia harufu, moyo unakwenda mbio, lakini magoti yanajua kazi. Zamani ndotoni mama alikuwa jikoni amenipa mgongo. Mwaka huu aligeuka. Hakusema kitu, lakini niliona uso wake, nami nilikuwa nimeanza kuusahau. Niliamka nikamshukuru Mungu kwa hilo tu. Ni kidogo, na nimelipata kwa shida, na silidharau.

Sasa narudi kwako. Mama Shija anasema sauti yako ndogo ni ya bibi. Mama Shija hakumjua bibi yako. Yule mwanamke alikuwa akiita mbuzi wake, wa watu wengine nao wanakuja. Akiwa bondeni anagombana na mtu aliye mlimani. Akiimba kanisani katekista anaacha kupiga ngoma amsikilize kwanza amalize. Angekuwa ndani yako, mtaa mzima huu usingelala. Sauti yako ndogo ni yako, Milembe. Niliikandamiza mimi nikiwa nataka uishi. Ukaishi. Yote mawili niliyafanya kwa mkono mmoja, na sijui kuyatenganisha, labda wewe na shule yako utaweza.

Sikuagizi ukapaze sauti huko. Wakikuambia rudia, rudia, hata kama ni mara ngapi. Wakicheka, malizia sentensi yako. Sauti ikikua ikue, isipokua usome nayo hivyo hivyo. Lakini hili nakuagiza na usinibishie. Mtu akitaka kukushika kichwa akuombee na wewe hutaki, mwondoe mkono. Mwambie kwa adabu, hapana. Awe mwenzako, awe mkubwa, awe sista. Akikuambia hilo linalokataa ni pepo, mwambie mama yangu anamjua anayekataa, alimzaa. Na kama ni mimi siku moja nimechanganyikiwa nikakushika, uniondoe na mimi. Mikono yangu umeivumilia inatosha.

Wasichana wakianguka bwenini, na huwa wanaanguka, usikimbie na usiombe kwa kelele. Kaa na aliye karibu nawe, mpe maji. Wengi wao wana jiko lao mahali fulani.

Nasikia watu wanarudi barabarani, labda ni wewe. Nimalizie moja ambalo sijamwambia mtu, hata Mama Kulwa.

Tangu tulipokuja mjini sijawahi kupeleka jina la bibi yako kanisani lisomwe na marehemu. Kila mwaka wenzangu wanapeleka ya kwao, baba zao, watoto wao wachanga waliokufa hata bila kubatizwa, na mimi nakaa. Nilikuwa naona nikilipeleka, watu wa Nkololo waliomo humu watageuka waseme, huyo si yule. Alhamisi nilikwenda kwa katekista. Nikamwambia ninaombea marehemu.

"Jina?"

"Nkwimba Masunga."

Akaandika nusu, akaacha. "Mama Milembe, una uhakika? Humu wanasali na wa Nkololo."

Nikamwambia, "Ndiyo maana. Soma kwa sauti."

Litasomwa Jumapili hii. Wewe utakuwa kwa masista, katika kanisa usilolijua, na sikuombi ufanye lolote. Ninataka tu ujue saa hiyo bibi yako yuko wapi. Yuko pamoja na marehemu wengine, anaombewa kama wao. Na hapa kwetu, jina la marehemu likisomwa, ndugu zake wanasimama ili waonekane. Baba mdogo hatasimama. Nitamfunga Kabula mgongoni, nitakaa benchi la mbele ambako sijawahi kukaa, na wakilitaja nitasimama, na sitakaa mpaka wamalize majina yote.

Ni mimi niliyekuzaa,
Minza